Mkupuo na Akiba: Maneno Mawili Yanayohitajika Kwenye Betri ya Lori

Ukikaa nusu saa tu kwenye duka la betri mjini Tunduma, mpakani na Zambia, utalisikia ombi moja likirudiwa na madereva: "Fundi, nipe betri yenye nguvu." Fundi atauliza gari ni lipi. Akisikia ni kichwa cha dizeli kinachovuta tela, atashusha N150 mbili, fedha zitahesabiwa, na kila mtu atashika njia yake. Haupiti mwaka kabla dereva huyo hajasimama alfajiri kando ya lori lililogoma, utingo wake akiomba waya wa kuwashia kwa jirani. Lawama huishia kwa betri au kwa fundi aliyeiuza. Kwa maoni yangu kosa lilifanyika mapema zaidi, kwenye neno "nguvu".

Nguvu ni neno pana, na upana huo ni utajiri wake. Dawa ina nguvu, hoja ina nguvu, sheria ina nguvu. Kwenye betri, hata hivyo, neno hilo limebebeshwa mizigo mitatu isiyofanana. Fikiria tangi la maji lililopandishwa juu ya mnara. Urefu wa mnara ndio unaosukuma maji. Ukubwa wa tangi unaamua maji yatadumu siku ngapi. Upana wa bomba unaamua ni maji mengi kiasi gani yanaweza kutoka kwa wakati mmoja. Mtu akisema tangi lake "lina nguvu", hujui anasifia mnara, tangi au bomba.

Mnara wa betri tumekwisha kuupa jina, nalo ni volti. Neno hilo limetokana na Alessandro Volta, Mwitaliano aliyetangaza rundo lake la umeme mwaka 1800, na leo hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Betri ya risasi na asidi, aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ina seli za volti mbili na ushei. Seli sita zinaleta volti 12. Malori makubwa ya dizeli hutumia volti 24, ndiyo maana betri mbili hufungwa kwa mfuatano. Hapa ni nadra mtu kukosea. Tangi na bomba ndivyo vilivyobaki bila majina, na humo ndimo fedha za watu zinamopotelea.

Nianze na bomba. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inabana hewa hadi ipate joto la kuyawasha mafuta yenyewe. Ili ibane, lazima kwanza izungushwe, na kuizungusha injini nzito dhidi ya mbano wake si kazi ndogo. Kazi hiyo hufanywa na stata, ambayo kwenye lori hudai mamia ya ampea kwa sekunde chache, na inazidai zote papo hapo. Uwezo wa betri kujibu dai hilo huandikwa kwenye lebo kwa herufi CCA. Kwa kipimo cha Marekani, namba hiyo ni ampea ambazo betri mpya iliyojaa, ikiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, inaweza kutoa kwa sekunde 30 huku volti zake zikibaki angalau 7.2. Ulaya wana masharti yao kidogo tofauti, kwa hiyo usilinganishe namba mbili kabla ya kutazama zimepimwa kwa kanuni ipi.

Anayetaka kuzisema herufi hizo kwa Kiswahili hulazimika kusema "ampea za kuwashia gari kwenye baridi". Maneno hayo ni sahihi, lakini ni maelezo, hayajawa istilahi. Hayabebeki. Huwezi kuyataja mara tatu katika mazungumzo ya dukani bila kuchoka. Mimi napendekeza neno ambalo tayari tunalo mdomoni: mkupuo. Tunasema fulani amelipa deni lake lote kwa mkupuo, au amekunywa uji wote kwa mkupuo mmoja. Mkupuo ni kutoa kwa mara moja bila kugawa mafungu, na stata inataka hivyohivyo. Basi "betri hii ina mkupuo wa ampea 800", na pale kipimo cha nyuzi 18 chini ya sifuri kinapohusika, "mkupuo wa baridi wa ampea 800". Sentensi hiyo inaeleweka hata kwa mtu ambaye hajawahi kuona lebo.

Sasa tangi. Kwenye lebo huonyeshwa kwa herufi Ah, yaani ampea-saa. Ile N150 inayotajwa kila siku hubeba namba yake kwenye jina, kwani ni betri ya ampea-saa 150, zinazopimwa kwa kuitoa taratibu kwa saa 20. Maana yake inaweza kutoa ampea 7.5 mfululizo kwa saa hizo 20. Ampea-saa ni jina zuri la kizio, lakini kinachopimwa kinahitaji jina lake, kama vile kilo ni kizio na uzito ndio unaopimwa. Wapo wanaosema "uwezo", neno pana karibu sawa na nguvu, na litaturudisha tulikotoka. Wengine husema "ujazo", na mnunuzi akafikiri ni lita za asidi. Napendekeza akiba. Kila nyumba inajua akiba ni nini: kilichowekwa ili kitumike kidogo kidogo, kinachopungua kila kinapoguswa, na kinachotakiwa kurudishwa kabla hakijaisha.

Tuyajaribu maneno haya mawili kwa hesabu, maana istilahi isiyosaidia kuhesabu ni pambo tu. Chukulia stata inavuta ampea 500 kwa sekunde tano. Zidisha, kisha gawanya kwa sekunde 3,600 za saa moja. Akiba iliyotumika haifiki hata ampea-saa moja. Kuwasha lori ni mkupuo mkubwa unaokula akiba ndogo sana, na altaneta, inayochaji betri injini ikiwaka, huirudisha baada ya mwendo mfupi.

Mgeukie sasa dereva aliyekwama kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, akipeleka mzigo Lubumbashi. Injini imezimwa kuokoa mafuta. Ndani ya kabini kuna friji ndogo, feni, taa na simu mbili zinazochajiwa. Tuseme vyote kwa pamoja vinavuta ampea tano tu. Kwa saa kumi za usiku zimekwenda ampea-saa 50, theluthi ya akiba ya N150. Kufunga mbili kwa mfuatano hakuongezi akiba, kunaongeza volti. Usiku wa pili ukipita bila injini kuwashwa, theluthi mbili zimekwisha. Hakuna ampea kubwa iliyopita popote. Lori limemalizwa na usingizi wa dereva.

Ubaya hauishii kwenye kukosa kuwaka asubuhi hiyo. Betri ya kawaida ya lori imeundwa kwa ajili ya mkupuo, kwa hiyo ina pleti nyingi nyembamba ili asidi iguse eneo kubwa na umeme utoke kwa wingi. Ukiishusha sana, pleti hizo hulegea na kumomonyoka. Ukiiacha chini kwa siku kadhaa, salfeti ya risasi iliyojijenga juu ya pleti hugeuka fuwele ngumu ambazo chaja haiziondoi kwa urahisi. Betri ya namna hiyo huvumilia kushushwa kabisa mara chache, pengine makumi ya mara, basi. Ipo aina nyingine yenye pleti nene na chache zaidi. Mkupuo wake ni mdogo kwa umbo lilelile, lakini huvumilia kushushwa na kupandishwa mamia ya mara.

Aina hii ya pili watu wameipa jina tayari: betri ya sola. Nalipenda jina hilo kwa sababu lilitoka kwa watumiaji wenyewe, lakini lina kasoro moja. Linataja mahali betri inapotumika na kuficha tabia yake. Dereva hawezi kuwaza kwamba kabini yake inahitaji betri ya sola, kwa kuwa hana paneli juu ya paa. Naye mwenye nyumba huweka betri ya gari kwenye paneli zake, akiamini betri ni betri, na huizika kabla ya muda. Tukisema betri ya mkupuo na betri ya akiba, jina lenyewe linamwambia mnunuzi kila moja imezaliwa kwa kazi gani. Na kule kushuka kwa chaji, ambako mafundi hukutaja kila siku wanaposema "betri imeshuka", tukuite mshuko. Uimara wa betri ya akiba utahesabiwa kwa mishuko inayovumilia na kina cha kila mshuko. Anayeishusha hadi nusu ataitumia mara nyingi zaidi kuliko anayeikausha.

Kwa maneno haya uchaguzi unakuwa mwepesi. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na kurudi, injini ikiwaka mchana kutwa na dereva akilala kwake, linahitaji betri nzuri za mkupuo, basi. Lori linalolala mipakani linahitaji mifumo miwili: jozi ya mkupuo kwa ajili ya stata peke yake, na jozi ya akiba kwa ajili ya kabini, kati yake kikiwepo kitenganishi kinachozuia friji kugusa umeme wa stata. Nafasi ikikosekana, zipo betri za kazi mbili, ambazo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo uliobanwa kati ya pleti. Bei yake ni ya juu, na hazipendi altaneta inayozidisha volti, lakini hustahimili mtikisiko na mshuko kuliko betri ya kawaida ya maji.

Mtikisiko na joto ni maadui wawili wasiosemwa dukani. Betri iliyolegea kwenye kikalio chake hupukutika pleti kila lori linapopita kwenye matuta, na unga wa risasi hujikusanya chini hadi seli inapiga shoti. Joto nalo huharakisha kutu ya ndani. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi kumi zinazozidi 25 hupunguza umri wa betri karibu nusu. Kwa hiyo joto la Pwani ndilo linaloua, na baridi ya Makambako mwezi wa Julai inakuja tu kutangaza msiba. Dereva husema betri imeuawa na baridi, kumbe ilikuwa mgonjwa tangu Ubungo. Anayekimbilia mkupuo wa baridi mkubwa kuliko wote, kwenye barabara zisizojua nyuzi 18 chini ya sifuri, mara nyingi ananunua pleti nyembamba zaidi bila haja.

Liko kosa jingine linalonisikitisha kwa kuwa ni la kila siku: redio ya volti 12 kuunganishwa kwenye betri moja tu ya ile jozi. Akiba ya betri hiyo inaliwa, ya mwenzake haiguswi. Altaneta haioni tofauti, inazichaji kama kitu kimoja, hivyo moja inabaki na njaa na nyingine inachemka. Dawa yake ni kipunguza volti cha kutoka 24 hadi 12. Na jozi hubadilishwa pamoja, betri za aina moja na umri mmoja.

Tela lina hesabu yake. Tela la kawaida halina betri, linapata umeme kwa waya kutoka kichwani. Tela la friji lina injini yake ndogo ya dizeli, na betri yake hupatwa na mabaya yote mawili: mkupuo unapotakiwa, na wiki nzima za kusimama yadini huku vifaa vikiinyonya taratibu. Kwa betri hiyo, kuikatia waya au kuichaji wakati wa kusimama kuna faida kuliko kununua lebo kubwa.

Betri inayodumu ina faida hata kwa wasio na lori. Risasi ya betri zilizokufa lazima iyeyushwe mahali fulani. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika na risasi kutoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri, na Phyllis Omido, aliyeongoza harakati zao, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Kila betri inayokufa kabla ya wakati wake inaongeza rundo linalongoja tanuri.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye maduka ni dogo. Kwenye kile kibao cha bei, kando ya N150 na N200, chora safu mbili kwa chaki: mkupuo, akiba. Dereva akija na ombi lake la nguvu, muulize swali moja: "Mkuu, unalala wapi?" Jibu lake litakuonyesha safu ya kumsomea.