Karatasi Iliyobaki Sandukuni

Nimefundisha historia kwa muda mrefu wa maisha yangu, nami nakiri kwamba yako mambo niliyowafundisha watoto wa watu kwa chaki na fimbo ya kuonyeshea ramani, ambayo mimi mwenyewe sikuyaelewa mpaka yaliponipata. Mojawapo ni kesi ya ardhi ya Wameru. Niliisikia kwa mara ya kwanza nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, miaka michache baada ya Kirilo Japhet na wakili wake, Earle Seaton, kuchapisha kitabu chao juu ya kesi hiyo mwaka 1967. Niliifundisha kama habari ya kudai uhuru, na ni kweli ni habari ya kudai uhuru. Lakini humo ndani mna habari nyingine, ya mteja na wakili wake, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa kuwa kuikosa kulinigharimu shamba la baba yangu.

Kwetu Upare, kesi kubwa tuliyokuwa tukijivunia ilikuwa ya mbiru. Serikali ya Mwingereza ilileta kodi ya kukadiriwa kwa mali ya mtu, na watu wakaona kwamba makadirio hayo hayana haki wala hayaeleweki. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani wakaenda Same, makao ya wilaya, wakakaa pale siku nyingi wakitaka kusikilizwa. Paulo Mashambo na wenzake waliongoza. Baadaye wanawake wa Usangi nao waliinuka, jambo ambalo Serikali haikulitazamia kabisa. Kodi ile ikaondolewa. Marehemu Profesa Kimambo, mwana wa milima hii hii, aliandika habari zake vizuri sana. Sisi watoto tuliozaliwa baada ya hapo tulikua tukiamini kwamba haki hupatikana kwa kwenda kwa wingi na kusimama bila kuondoka. Sikatai. Lakini shauri la mtu mmoja na jirani yake juu ya mpaka haliendi kwa wingi. Wakili naye hatukumjua, kwa sababu katika mahakama za wenyeji za wakati wa mkoloni mawakili hawakuruhusiwa kuingia, na desturi hiyo iliendelea katika Mahakama zetu za Mwanzo kwa miaka mingi baada ya Uhuru. Mpare wa kawaida aliweza kuzeeka bila kumwona wakili akifanya kazi yake.

Sasa twende kwa Wameru. Mwaka 1946 Serikali ilimteua Jaji Mark Wilson achunguze mambo ya ardhi katika Arusha na Moshi. Taarifa yake ilipendekeza, pamoja na mambo mengine, mashamba ya Wazungu katika eneo lililo kati ya Mlima Meru na Kilimanjaro yaunganishwe yawe kitu kimoja, na kwa hiyo Wameru waliokuwa Ngarenanyuki waondoke. Walikuwa watu wapatao elfu tatu. Walikataa. Tarehe 17 Novemba 1951 askari walifika, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa. Walionyeshwa sehemu nyingine ya kuhamia, huko Kingori, nao wakaona haifai kwa watu wala kwa ng'ombe.

Hapo ndipo penye swali la kuchagua wakili. Kwanza, wangeshitaki wapi? Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ardhi yote ya Tanganyika ilikuwa chini ya mamlaka ya Gavana. Aliyewahamisha ndiye aliyeshika sheria, ndiye aliyekuwa na polisi. Mtu angeweza kutumia fedha nyingi katika mahakama za nchini akaambiwa mwishoni kwamba Gavana alikuwa na uwezo huo. Pili, wangemchukua nani? Mawakili wa Kaskazini siku hizo walikuwa Wazungu na Wahindi, na wengi wao riziki yao ilitoka kwa walowezi na wafanyabiashara. Sisemi kwamba wangewasaliti Wameru. Nasema tu kwamba mtu akitaka wakili, inafaa aulize kwanza ni nani mwingine anayekula katika sahani ya wakili huyo.

Moshi palikuwa na kijana mmoja, Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda, koloni jingine la Mwingereza kule baharini ng'ambo ya Marekani. Mwaka 1951 alikuwa hajatimiza miaka thelathini. Hakuwa na jina kubwa, wala sidhani ofisi yake ilikuwa na zulia. Alichowapa Wameru ni kitu ambacho wakili mwenye zulia angeweza kuwanyima: aliwaonyesha mlango. Tanganyika haikuwa koloni kamili, ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Mkataba wa Umoja huo uliruhusu wenyeji wa nchi ya udhamini kupeleka malalamiko yao moja kwa moja kwenye Baraza la Udhamini. Basi shauri la Ngarenanyuki likapelekwa New York.

Wengi tunapoisimulia habari hii tunakimbilia New York. Mimi siku hizi hukaa zaidi katika yale yaliyotangulia. Wameru walichanga fedha, mtu na mtu, ili kulipia safari na kazi. Walikuwa na chama chao na viongozi wanaojulikana, hata wakili alijua maagizo anayapokea kwa nani. Walikuwa wamekwisha kueleza shauri lao mbele ya Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru Tanganyika mwaka 1951. Na jambo kubwa kuliko yote, hawakumwacha wakili aende kusema peke yake. Walimteua mmoja wao, Kirilo Japhet, aende naye, asimame mwenyewe aseme yaliyompata yeye na jirani zake. Mwaka 1952 Kirilo akawa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai haki ya watu wake, karibu miaka mitatu kabla Mwalimu Nyerere hajakwenda huko mwaka 1955. Seaton alijua sheria na njia za mabaraza yale, na Kirilo alijua nyumba zilizochomwa zilikuwa za nani. Umtoe mmoja, shauri linakuwa kilema.

Nao hawakushinda. Katika kamati, wajumbe wengi waliwaunga mkono, lakini azimio lilipofika katika Baraza Kuu, Desemba 1952, halikupata theluthi mbili za kura zilizotakiwa. Kirilo akarudi mikono mitupu, akazunguka nchini akiwaeleza watu aliyoyaona, na wako waliojiunga na siasa kwa sababu ya kumsikia. Ardhi yenyewe hatimaye ilirudi mikononi mwa Wameru. Seaton alikuja kuwa jaji hapa nchini, na baadaye katika nchi yake ya Bermuda na huko Shelisheli.

Haya yote nilikuwa nikiyajua kwa tarehe zake mwaka 1988, nilipokuwa mwalimu mkuu, siku watoto wa jirani yetu walipolima shamba la baba huko tambarare.

Ni desturi ya watu wa Usangi na Ugweno kuwa na kihamba mlimani chenye migomba na kahawa, na kipande kingine chini, upande wa reli, cha mahindi na maharage. Chetu cha chini kilikuwa kama ekari tatu. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Vijana wale walidai kwamba baba yao alikinunua kwa baba yangu mwaka 1962. Nami nilikuwa nacho kikaratasi kilichochanwa katika daftari la shule, kwa mwandiko wa baba, kinachosema kwamba alipokea fedha na mbuzi wawili kwa jirani yake, na shamba litatumika mpaka atakaporudisha.

Mwenye kuzoea mambo ya ardhi atasema: hiyo ni rehani, si kuuza, peleka karatasi hiyo haraka! Lakini mimi niliona jambo moja tu, kwamba karatasi inakiri baba alipokea fedha. Tena niliona aibu. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa kuheshimiwa, na mwaka ule wa 1962 mimi ndiye niliyekuwa nikitafutiwa karo. Nikaifungia sandukuni. Mahakama ya Mwanzo nilisimama mwenyewe, kwani ualimu mkuu ulikuwa umenivimbisha kichwa, nikasema kwa Kiswahili sanifu kwamba baba yangu hakupata kupokea hata senti moja kwa mtu yule. Wazee wawili wakaletwa walioziona fedha zikihesabiwa. Hakimu na wazee wa baraza wakaamini macho yao kuliko Kiswahili changu.

Ndipo nikatafuta wakili wa rufaa, huko Moshi. Nilimchagua kwa sababu mbili ambazo sasa zinanichekesha: alivaa suti ya vipande vitatu, na nilimsikia akizungumza Kiingereza kortini bila kupumua. Sikumwuliza kama amewahi kufanya shauri la ardhi ya kimila. Sikutaka mapatano ya malipo kwa maandishi. Kila mara nilipokwenda niliambiwa kesi imekuja kwa kutajwa tu, si kusikilizwa, nami nikalipa tena nauli na chakula cha mchana bila kujua tofauti ya maneno hayo mawili. Haki yake lazima nimpe, hata hivyo. Siku ya kwanza kabisa aliweka kalamu chini akaniuliza, "Mwalimu, iko karatasi yoyote, ya namna yoyote, hata kama unaiona mbaya?"

Nikajibu, "Hakuna."

Mama ndiye aliyeniuliza, miezi kadhaa baadaye, tukiwa tunachambua kahawa. "Ile karatasi ya baba yako, wakili alisemaje?" Nikanyamaza. Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema, "Mficha uchi hazai," akaendelea kuchambua.

Niliipeleka Moshi kwa basi la asubuhi. Wakili aliisoma mara mbili, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna kitu, halafu akaiweka juu ya meza taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. "Mwalimu," alisema, "kule chini uliapa kwamba marehemu hakupokea kitu. Sasa unataka nisimame rufaani niseme alipokea, ila kwa rehani. Na ushahidi ambao haukutolewa kule chini, rufaani hauingii hivi hivi." Aliomba ruhusa ya kuuingiza. Ilikataliwa. Tulishindwa, pamoja na gharama. Nilimwuliza kama tungeshinda laiti ningeitoa mwanzoni. Alisema hawezi kuapa, lakini lingekuwa shauri jingine kabisa. Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu yeye, na njia nzima ya kurudi Mwanga nilijitahidi, lakini sikupata pa kuanzia.

Mambo yamebadilika kiasi tangu wakati ule. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayomwezesha asiye na uwezo kupata msaada wa bure. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo mteja wa leo hana sababu ya kukaa kortini kama mimi nilivyokaa mara nyingine, nikivizia jina langu litajwe. Vishoka bado wapo, wale wanaojiita mawakili vibarazani na kumbe hawamo katika daftari la mawakili, na kwao mtu asione haya kuuliza kabla ya kutoa fedha. Lakini hakuna sheria iliyotungwa ya kumfungua mteja kinywa mbele ya wakili wake mwenyewe. Siri aliyopewa wakili na mteja wake inalindwa. Jirani hataisikia, wala mchungaji. Mimi nilimficha yule mtu mmoja aliyekatazwa na sheria kuitangaza, nikaiacha mikononi mwa wazee wawili waliokuwa upande wa pili. Kirilo angalau alijua kwamba Seaton hawezi kusema ambalo hakuambiwa.

Mwaka jana alinijia kijana wa ukoo wetu, mtoto wa binamu yangu, amebeba bahasha ya kaki. Aliniamkia, akakaa, akaeleza kwamba ana shauri la kiwanja katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na amepata wakili, kesho wanaonana. Alitaka ushauri wangu kwa kuwa nimewahi kuwa na kesi. Nikamwambia amwage kila kitu juu ya mkeka. Tukavipanga kwa tarehe, stakabadhi, mhutasari wa kikao cha ukoo, barua ya serikali ya kijiji. Vilikuwa vizuri, vizuri mno. Nikamwuliza, "Babaa, hivi ndivyo vyote?"

"Ndivyo, babu."

Nikaenda chumbani nikafungua sanduku, nikamletea kikaratasi cha baba, kimeshakuwa rangi ya chai. Alikisoma polepole. Akakaa kimya kitambo, akitazama zile mbuzi mbili zilizoandikwa kwa wino wa buluu.

"Iko barua moja," alisema, "nimeiacha nyumbani."

Ilikuwa saa tisa alasiri, na gari la mwisho la kupanda Usangi lilikuwa bado halijaondoka stendi.