Minada ya vitu adimu: kwa nini mkanda wa ngumi huuzwa kwa mabilioni?

Alfajiri ya Oktoba 30, 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8 na kurudi kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Wazee wengi wa Afrika Mashariki na Kongo, ambayo wakati huo ikiitwa Zaire, bado wanakumbuka siku walipoisikia habari hiyo redioni.

Julai 2022, mkanda wa ubingwa wa pambano hilo ulinadiwa Marekani na kampuni ya Heritage Auctions ya Dallas. Aliyeununua ni Jim Irsay, tajiri aliyemiliki timu ya Indianapolis Colts. Alilipa dola milioni 6.18. Kwa viwango vya wakati huo, hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 14 za Tanzania, au zaidi ya shilingi milioni 700 za Kenya.

Mkanda ni ngozi na chuma. Fundi hodari anaweza kutengeneza unaofanana nao. Basi mabilioni hayo yanatoka wapi? Na yanakwenda kwa nani? Makala hii inaeleza jinsi minada ya vitu vya kumbukumbu, picha za wasanii na magari ya kifahari inavyofanya kazi, na kwa nini jambo hilo linamgusa hata mtu mwenye sarafu ya zamani ndani ya kasha la bibi yake.

Tofauti na mnada wa ng'ombe

Wengi wetu tunaujua mnada wa mifugo. Mnunuzi anamtazama ng'ombe, anakadiria kilo, anaangalia umri na afya. Mwenye bucha anajua nyama itampa kiasi gani, hivyo kuna mahali lazima asimame. Bei ina mwisho wake.

Mkanda wa Ali hauna kilo. Hauliwi, haukamuliwi, haulimi. Bei yake inategemea kitu kimoja: ni nani mwingine anautaka, na ana fedha kiasi gani. Akijitokeza mtu mmoja tu, bei hubaki chini. Wakijitokeza wawili wenye uwezo, na kila mmoja hataki kushindwa, bei hupanda mpaka mmoja achoke.

Kampuni zinazoendesha minada ya namna hii ni za siku nyingi. Sotheby's ilianza London mwaka 1744, na Christie's ilianza mji huo huo mwaka 1766. Leo zinanadi pia New York, Hong Kong, Geneva na kwingineko. Kwa magari ya kale, jina kubwa ni RM Sotheby's. Heritage Auctions inajulikana sana kwa vifaa vya michezo na sarafu.

Hatua za mnada

Kwanza, mwenye mali anaipeleka kwa kampuni. Wataalamu wanaichunguza: ni halisi? Imetoka wapi? Imewahi kukarabatiwa?

Pili, wanatoa makadirio. Kwa kawaida hutaja bei mbili, ya chini na ya juu, ili wanunuzi wajue pa kuanzia.

Tatu, mwenye mali na kampuni wanakubaliana bei ya chini ya siri. Mnada usipofikia bei hiyo, mali haiuzwi na hurudi kwa mwenyewe.

Nne, mali inawekwa katika orodha yenye picha na maelezo, na wanunuzi wanapewa nafasi ya kuikagua.

Tano, siku ya mnada inafika. Mnadishaji anataja bei na kuipandisha. Wengine wanainua mkono ukumbini, wengine wako kwenye simu na mfanyakazi wa kampuni, wengine wako kwenye intaneti. Asipopatikana wa kuongeza, mnadishaji anagonga nyundo.

Sita, hesabu. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Bei iliyotajwa wakati nyundo inagonga siyo anayolipa mnunuzi. Juu yake huongezwa ada ya kampuni. Muuzaji naye mara nyingi hukatwa kamisheni yake.

Mfano ni picha iitwayo Salvator Mundi, inayosemekana kuwa ya Leonardo da Vinci. Novemba 15, 2017, Christie's mjini New York iligonga nyundo kwa dola milioni 400. Ada ilipoongezwa, mnunuzi alidaiwa dola milioni 450.3. Hakuna picha iliyowahi kuuzwa mnadani kwa bei kubwa kuliko hiyo hadi wakati huo.

Mambo manne yanayopandisha bei

Uchache. Mwaka 1955 kampuni ya Mercedes-Benz ilitengeneza magari mawili tu ya aina ya 300 SLR Uhlenhaut Coupé, yaliyopewa jina la mhandisi wake, Rudolf Uhlenhaut. Mei 2022 kampuni iliamua kuuza moja. Mnada ulifanyika ndani ya makumbusho yake mjini Stuttgart, Ujerumani, kwa wanunuzi walioalikwa. Gari liliuzwa kwa euro milioni 135, likawa gari la bei kubwa kuliko yote yaliyowahi kuuzwa mnadani. Kampuni ilisema fedha hizo zitaanzisha mfuko wa kusomesha vijana. Gari la pili lilibaki mikononi mwake.

Kisa. Juni 22, 1986, katika Kombe la Dunia nchini Mexico, Diego Maradona aliifunga Uingereza magoli mawili: moja la mkono, jingine la kuwapiga chenga wachezaji wengi hadi golini. Baada ya mechi alibadilishana jezi na mchezaji wa Uingereza, Steve Hodge. Hodge aliitunza, na kwa miaka mingi ilionyeshwa katika makumbusho ya mpira nchini Uingereza. Mei 2022 Sotheby's iliiuza kwa pauni milioni 7.1. Thamani haikuwa katika kitambaa. Watu walinunua dakika 90 za historia.

Ushahidi. Kisa bila ushahidi ni hadithi tu. Kabla ya mnada wa jezi hiyo, binti wa Maradona alisema siyo ile ya kipindi cha pili, yaani siyo iliyofunga magoli. Sotheby's ilijibu kwamba wataalamu walikuwa wamelinganisha jezi na picha za mechi, wakaangalia jinsi nembo, mistari na namba zilivyokaa. Jezi mbili za kiwandani hazishonwi sawasawa, hivyo tofauti ndogo hugeuka kuwa alama ya utambulisho.

Picha ya Salvator Mundi inaonyesha nguvu ya ushahidi waziwazi. Mwaka 1958 iliuzwa London kwa pauni 45, kwa sababu ilidhaniwa ni nakala. Mwaka 2005 iliuzwa tena Marekani kwa chini ya dola 10,000. Baada ya kusafishwa na kuchunguzwa, baadhi ya wataalamu walisema ni kazi ya Leonardo. Mbao ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maoni ya watu kuhusu mkono ulioichora. Na hadi leo wapo wataalamu wasiokubali.

Hali. Gari lenye injini na namba zake za asili hushinda lililobadilishwa vipuri. Sarafu yenye weusi wake wa asili hushinda iliyosuguliwa ikang'aa.

Fedha inakwenda kwa nani?

Jibu ni fupi: kwa yule anayemiliki kitu siku ya mnada, na kwa kampuni ya mnada. Siyo lazima aliyekitengeneza, wala aliyekipatia umaarufu. Ali alifariki mwaka 2016, miaka sita kabla ya mkanda ule kunadiwa.

Kwa wasanii jambo hili linauma zaidi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitumia vipande vya ubao mwepesi na rangi za mafuta za dukani, na picha zake ziliuzwa kwa bei ndogo, hasa kwa wageni wa Oyster Bay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu anayetoroka. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Leo picha za mtindo wa Tingatinga ni maelfu, lakini za mkono wake mwenyewe ni chache, na zimeuzwa katika minada ya nje kwa bei ambayo yeye hakuwahi kuiona.

Ndiyo maana baadhi ya nchi zimeweka haki ya msanii katika mauzo ya baadaye. Katika Umoja wa Ulaya, picha inapouzwa tena mnadani, msanii au warithi wake hupata sehemu ndogo ya bei, kuanzia asilimia 4 na kushuka kadiri bei inavyopanda, mradi isizidi euro 12,500. Kenya iliingiza haki ya namna hiyo katika sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019. Jijini Nairobi, kampuni ya Circle Art imekuwa ikinadi kazi za wasanii wa kanda yetu tangu 2013.

Vitu ambavyo havikupaswa kuuzwa

Si kila kilichofika sokoni kilitolewa na mwenyewe. Wamijikenda wa pwani ya Kenya huchonga vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee wa heshima waliofariki. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Lakini kuanzia miaka ya 1970 na 1980, vigango vingi viliibwa usiku. Aliyeking'oa alipata fedha kidogo, na mwenye duka akakiuza kwa wageni. Huko Marekani wakusanyaji walilipa maelfu ya dola.

Familia moja ya pwani ilivipata tena vigango vyake viwili mwaka 2007, kwa sababu mtafiti alikuwa amepiga picha ya mzee wao akiwa amesimama mbele yavyo kabla havijaibwa. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver ilitangaza kwamba itarudisha vigango 30. Ilichukua miaka kadhaa kufika Kenya. Ushahidi unaopandisha bei mnadani ndio huo huo unaoweza kurudisha mali kwa wenyewe.

Rupia na hela za Mjerumani

Neno "hela" tunalotumia kila siku lilitokana na sarafu ya Kijerumani iliyoitwa Heller. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamezingirwa na hawakuweza kupata sarafu kutoka kwao. Wakatengeneza sarafu Tabora, baadhi kwa dhahabu ya Sekenke. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, ilitengenezwa kama 16,000 tu. Leo, iliyo halisi na yenye hali nzuri huuzwa kwa maelfu ya dola.

Lakini hela za kawaida za shaba zilitengenezwa kwa mamilioni. Wakusanyaji wanazo tayari, hivyo bei yake ni ndogo. Uzee peke yake hauleti utajiri.

Matapeli wanaishi katikati ya ukweli huo. Mtindo wao wa kawaida ni huu: mtu anakupigia simu, anasema anatafuta rupia na atalipa mamilioni. Siku mbili baadaye anatokea mwingine mwenye rupia ya kuuza kwa laki chache. Unakopa, unanunua, unampigia yule wa kwanza. Simu haipatikani. Wote wawili walikuwa kitu kimoja. Hadithi za redio za zamani au cherehani zenye "zebaki nyekundu" ni za namna hiyo hiyo. Hiyo zebaki haipo.

Ukiwa na kitu cha zamani

Usikisafishe wala kukisugua. Unaweza kuondoa thamani yote kwa dakika moja.

Kipige picha pande zote kwa simu yako, penye mwanga wa kutosha.

Andika kisa chake: kilikuwa cha nani, alikipata wapi, mwaka gani. Waulize wazee wangali hai.

Kionyeshe makumbusho ya taifa kabla ya kumwonyesha mnunuzi.

Usitume fedha ili "kufungua" mauzo. Kwa kawaida kampuni ya kweli hukata kamisheni yake baada ya kuuza.

Kumbuka sheria. Nchini Tanzania mambo ya kale yanalindwa kwa sheria ya mwaka 1964, na Kenya kwa sheria ya mwaka 2006. Kuyatoa nje bila kibali ni kosa.

Maneno ya mnadani kwa kifupi

Makadirio: bei inayotarajiwa, ya chini na ya juu.

Bei ya chini ya siri: ambayo chini yake mali haiuzwi.

Bei ya nyundo: ya mwisho kutajwa kabla ya ada.

Ada ya mnunuzi: fedha inayoongezwa juu ya bei ya nyundo.

Historia ya umiliki: orodha ya waliokuwa na kitu hicho, tangu kilipotoka hadi leo.

Utakaposikia tena redioni kwamba jezi, picha au gari limeuzwa kwa mabilioni, jiulize maswali matatu: viko vingapi, nani amethibitisha, na ni nani aliyepokea fedha.