Pakia, dunga, dondosha: vitenzi vya kuweka sampuli kwenye kolamu

Fani: kemia, kromatografia ya kimiminika

Tatizo. Miongozo ya maabara ya Kiingereza huwa na kitenzi kimoja chenye maana za "tumia", "paka" na "weka". Mfasiri akichukua maana ya kwanza anayoikuta kamusini, huandika *tumia sampuli kwenye kolamu* au *paka sampuli*. Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, lakini hazimwelezi mpimaji afanye nini.

Pakia. Ni kuweka sampuli juu ya kolamu na kuiacha ishuke polepole. Maana hii imepanuliwa kutoka kupakia mzigo, kama wafanyavyo wachukuzi wa Kariakoo: kinachopakiwa hukaa mahali pake hadi kishushwe.

Dunga. Ni kuingiza kiasi kidogo sana cha sampuli, kwa mfano mikrolita 20, kwa sindano ya mtambo, ndani ya mkondo wa kimiminika unaosukumwa kwa shinikizo kubwa.

Dondosha. Ni kuweka tone la sampuli kwenye bamba la kromatografia. Hapa hakuna kolamu.

Mfano. Upimaji wa sumukuvu katika mahindi huweza kuhitaji kolamu mbili. Ya kwanza ina kingamwili zinazoinasa sumu. Ya pili hutenganisha aina za sumu hiyo.

> *Pakia kimiminika kilichochujwa kwenye kolamu ya kingamwili, tone moja hadi mawili kwa sekunde. Osha kolamu kwa maji. Itoe sumu kwa methanoli, kisha dunga sehemu yake kwenye mtambo.*

Mfasiri akiandika *dunga* katika hatua ya kwanza, mpimaji aweza kusukuma kimiminika kwa haraka. Kingamwili hazitapata muda wa kuinasa sumu, nayo itapita pamoja na maji machafu. Matokeo yatasomeka chini ya ukweli, na mahindi yenye sumu yataonekana salama. Kiwango cha Afrika Mashariki cha sumukuvu zote katika mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Tanbihi ya sarufi. *Pakia* ya mzigo isichanganywe na *pakia*, kauli ya kutendea ya *paka*. Katika kutendwa, andika *sampuli imepakiwa*, si *imepakwa*. Irabu moja hugeuza upakiaji kuwa upakaji. Kihusishi *kwenye* kisiachwe, kwani ndicho kinachoonyesha kuwa kolamu ni mahali pa kupokea.

Maneno jirani. *Kolamu* (ngeli ya I-/ZI-) yafaa kuliko *safuwima*, ambayo ni ya majedwali, na *nguzo*, ambayo ni ya majengo. *Sampuli* ni kinachopimwa. *Kielelezo* kiachiwe mahakama.

Ushauri. Kabla ya kuchagua kitenzi, jiulize: sampuli inashuka yenyewe, inasukumwa kwa sindano, au inawekwa kama tone? Jibu ndilo litakalokupa neno.