Hati ya Uwanja: Wamiliki Wapya wa Wrexham na Bury

Juni 2002 uwanja wa Racecourse mjini Wrexham, kaskazini mwa Wales, uliuzwa kwa pauni 300,000. Muuzaji alikuwa kampuni ya bia, na kwenye karatasi za mwanzo mnunuzi alikuwa klabu ya mpira ya mji huo. Wino haujakauka, hati ikahamishiwa kampuni iliyokuwa mikononi mwa Alex Hamilton, mfanyabiashara wa ardhi na majengo aliyeingia klabuni pamoja na mshirika wake Mark Guterman. Wengi walioijua Wrexham kwa sababu ya waigizaji wawili wa Amerika Kaskazini hawajapata kuisikia habari hii, wakati pasipo hiyo waigizaji hao wasingekuta klabu ya kununua kwa bei waliyoinunulia.

Kilichokuwa kikiuzwa si kiwanja cha kawaida. Klabu iliundwa mwaka 1864 na wachezaji wa kriketi, na mwaka 1877 Wales iliikaribisha Scotland hapo Racecourse. Hakuna uwanja mwingine duniani wa mechi za kimataifa ulio mkongwe zaidi na ungali ukitumika. Mji wenyewe ulikuwa wa wachimba makaa. Usiku wa kuamkia Jumamosi, 22 Septemba 1934, mlipuko katika mgodi wa Gresford uliua watu 266, na baadhi yao walikuwa wamebadilishana zamu ili mchana wake wakaitazame Wrexham ikicheza na Tranmere Rovers. Timu yenyewe haikuwa kubwa. Ila ilikuwa na tabia ya kuwaaibisha wakubwa: mwaka 1984, ikiwa daraja la nne, iliitoa FC Porto katika Kombe la Washindi Ulaya, na Januari 1992 iliifunga Arsenal, bingwa mtetezi wa Uingereza, mabao 2-1 katika Kombe la FA.

Sifa hizo hazilipi mishahara. Klabu ndogo huishi kwa viingilio, kwa kuuza kijana mmoja mzuri kila baada ya misimu kadhaa, na kwa huruma ya tajiri atakayeziba pengo mwishoni mwa mwaka. Anayeinunua akitegemea faida kutoka kwa timu, ama hajui hesabu, ama hesabu yake iko kwingine. Kwa Hamilton na Guterman ilikuwa kwingine, na waliiandika. Makubaliano yao, yaliyofichuka baadaye, yalisema kwamba lengo kuu au la pekee la kuiongoza klabu ni kupata faida kubwa kadiri iwezekanavyo kutokana na ardhi na majengo yake. Nadra mtu kuweka nia yake kwenye karatasi waziwazi namna hiyo.

Mwaka 2004 klabu ikapewa notisi ya miezi 12 ihame. Wakati huo ilikuwa ikidaiwa kodi ya serikali na madeni mengine, na Desemba ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Ligi ya Soka ya England ikaikata pointi 10, klabu ya kwanza kupewa adhabu hiyo. Msimu ulipokwisha Wrexham ilikuwa na pointi 43, ikashuka daraja. Zile 10 zingeibakiza. Katikati ya masaibu hayo ilibeba Kombe la Ligi kwa timu za madaraja ya chini, mjini Cardiff, ikiifunga Southend 2-0.

Walioiokoa ni wasimamizi wa ufilisi, pamoja na mashabiki ambao hawakuacha kuandamana. Wasimamizi walikwenda Mahakama Kuu wakidai kwamba aliyekuwa na wajibu wa kuilinda mali ya klabu hakuwa na haki ya kuifanya yake. Oktoba 2005 walishinda, na Machi 2006 rufaa ya Hamilton ikatupwa. Uwanja ukarudi, lakini mapato hayakuongezeka. Mwaka 2008 Wrexham ikaanguka nje kabisa ya Ligi iliyojiunga nayo mwaka 1921.

Agosti 2011 hali ilikuwa mbaya zaidi. Ligi ya daraja la tano iliitaka klabu iweke dhamana ya pauni 250,000, la sivyo isingeanza msimu. Mashabiki wakachangishana, na kwa siku moja tu zikapatikana zaidi ya pauni 100,000. Wapo waliojitolea kuweka nyumba zao. Dhamana ikalipwa. Uwanja ulinunuliwa na Chuo Kikuu cha Glyndŵr, na kufikia Desemba jumuiya ya mashabiki ilikuwa mmiliki halali wa klabu.

Nadhani huo ndio utawala bora zaidi Wrexham iliowahi kuwa nao, ingawa haukupandisha timu. Mashabiki walilipa madeni na kuziweka hesabu sawa. Msimu wao wa kwanza timu ilipata pointi 98 na bado ikabaki pale pale, kwa kuwa bingwa peke yake ndiye aliyepanda moja kwa moja. Usafi wa vitabu una kikomo mbele ya wapinzani wenye wafadhili. Ndiyo maana Novemba 2020, waigizaji Ryan Reynolds na Rob McElhenney walipoahidi kuingiza pauni milioni 2, wanachama waliokubali kuiachia klabu yao walifika asilimia 98.6.

Wapya hao nao walikuwa na hesabu yao ya pembeni: kipindi cha televisheni. Tofauti ni kwamba hesabu hii ilihitaji timu ishinde. Mwaka 2022 klabu ilinunua tena uwanja wake kutoka chuo kikuu. Ikapanda daraja mwaka 2023, 2024 na 2025, mara tatu mfululizo, jambo lisilowahi kutokea katika madaraja matano ya juu ya soka la Uingereza. Msimu wa 2023/24 mapato yalifika pauni milioni 26.7, na hata hivyo hesabu zilionyesha hasara ya pauni milioni 2.7.

Klabu ya Bury, kaskazini mwa Manchester, haikupata bahati hiyo. Iliichapa Derby 6-0 katika fainali ya Kombe la FA mwaka 1903. Chini ya Stewart Day, aliyeichukua mwaka 2013, uwanja wake wa Gigg Lane uliwekwa rehani, na hata nafasi za kuegesha magari zikauzwa moja moja kwa karibu pauni 10,000. Desemba 2018 Day aliiuza klabu kwa Steve Dale kwa pauni moja. Dale baadaye alisema hadharani kwamba hakuwa akijua kama kuna timu inayoitwa Bury. Wachezaji wakapanda daraja wakiwa hawajalipwa mishahara, na 27 Agosti 2019 Ligi ikaifukuza klabu iliyokuwa mwanachama tangu 1894. Mashabiki walinunua Gigg Lane mwaka 2022 kwa msaada wa fedha za serikali, na mwaka uliofuata wakalirudisha jina la Bury uwanjani.

Julai 2025 ikapita sheria mpya ya usimamizi wa soka nchini England. Kwa sheria hiyo klabu haiwezi kuuza uwanja wake wala kuuweka rehani bila idhini ya msimamizi huru. Sheria inahusu madaraja matano ya juu. Bury inacheza chini ya hapo.