Majina Adimu ya Wasichana wa Ayalandi: Maana na Maandishi

Mfasiri akutanapo na jina la mtu hulinakili kama lilivyo, akaendelea na kazi yake. Desturi hiyo ni njema, ila haikufuatwa kila mahali. Katika makala haya twakusudia kuyatazama majina machache ya wasichana ya lugha ya Kiayalandi, tupate kuona yalivyotendewa na watu wa kalamu na daftari.

Mengi ya majina hayo yalikuwa na maana iliyo wazi kwa msemaji wa kawaida. Lasairfhíona limeundwa kwa lasair, yaani mwali wa moto, na fíon, yaani mvinyo. Caoilfhionn ni mwembamba mweupe. Sorcha ni mwangavu. Sadhbh ni mtamu au mwema. Katika Gormlaith mna flaith, yaani utawala, na gorm, neno linalosumbua. Siku hizi gorm ni rangi ya samawati. Zamani lilichukua pia maana ya utukufu. Na mtu mweusi kwa Kiayalandi huitwa duine gorm. Adhaniaye kuwa rangi ni jambo jepesi kufasiri na autafakari mfano huo. Wala majina haya hayakuwa ya watu wasiojulikana. Gormlaith, aliyefariki mwaka 1030, alikuwa mke wa Mfalme Brian Boru, na binti mmoja wa mfalme huyo aliitwa Sadhbh.

Mwaka 1366 Sheria za Kilkenny ziliwaamuru Waingereza waliokaa Ayalandi watumie majina ya Kiingereza. Karne nyingi baadaye, Kiingereza kilipokwisha kushika shule na ofisi, zamu ikawa ya Waayalandi wenyewe. Uandikishaji wa vizazi vya watu wote ulipoanza mwaka 1864, takriban kila jina liliingia daftarini kwa sura ya Kiingereza.

Hapana budi tuseme kwamba hiyo haikuwa tafsiri. Karani, padri, na mara nyingine mzazi mwenyewe, alitafuta tu jina la Kiingereza lenye mlio wa kukaribiana. Sorcha akawa Sarah, jina la Kiebrania lenye maana ya binti mfalme. Na kwa kuwa Sally ni mkato wa Sarah, akaitwa Sally pia. Sadhbh, ambaye hahusiani na Sorcha kwa lolote, naye akaitwa Sally. Wanawake wawili wenye majina mawili wakawa na jina moja, na atafutaye habari za bibi yake katika daftari hilo hawezi kujua kwa jina peke yake kama nyumbani aliitwa Sorcha au Sadhbh.

Kisa cha Gobnait ni cha ajabu zaidi. Jina hili latokana na gobha, yaani mhunzi. Mtakatifu Gobnait wa Ballyvourney, katika jimbo la Cork, ambaye sikukuu yake ni tarehe 11 Februari, ni msimamizi wa wafuga nyuki. Basi akina Gobnait wengine waliandikwa Abigail, na wengine Deborah. Deborah kwa Kiebrania ni nyuki! Kama aliyelichagua alilijua hilo, alifasiri nyuki wa mtakatifu akamwacha mhunzi wa jina.

Msomaji wetu atatatizwa na wingi wa herufi h. Katika chapa ya zamani ya Kiayalandi palikuwa na nukta juu ya konsonanti. Nukta ilipoachwa, h ikashika kazi yake. Maendelezo yenyewe yalisanifiwa na wafasiri: Kitengo cha Tafsiri cha Bunge la Ayalandi ndicho kilichotoa kanuni rasmi mwaka 1958. Hivyo bh ya Sadhbh husikika kama v, na jina zima hukaribia saiv. Fh haitamkwi, kwa hiyo Caoilfhionn hukaribia kiilin. Nayo ch ya Sorcha ni kh ya Khamisi.

Sadhbh limerudi kupendwa nchini mwake siku hizi, lakini Gobnait na Lasairfhíona yangali adimu. Kwa maoni yetu, mfasiri wa Kiswahili ayaandike kwa maendelezo yake yenyewe, alama ya mkazo ikiwamo, aonyeshe matamshi mara ya kwanza tu, na maana aieleze pale ambapo habari yenyewe yaitegemea. Akiikuta Sally katika hati ya Ayalandi ya karne ya 19, aiache Sally, asijaribu kubahatisha jina la nyumbani.