Lubumbashi: Vali ya boila inayodondosha maji haipashwe kuzibwa

Mji wa Lubumbashi uko kwenye urefu wa karibu mita 1,200 juu ya bahari. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku inaweza kushuka chini ya digri 10. Ndiyo maana nyumba nyingi za komini ya Lubumbashi, zaidi zile za zamani, ziko na boila ya umeme kwenye ukuta wa bafu.

Chini ya boila, kwenye tiyo inayoingiza maji ya baridi, kunapashwa kuwa vali ya usalama. Maji yakipata moto yanapanuka: lita 100 zikitoka digri 20 mpaka 60 zinaongezeka karibu lita moja na nusu. Maji hayo ya ziada yanatokea kwenye vali, tone kwa tone, wakati boila inawaka. Si uharibifu. Ila wakaaji wengine wanaona maji yanapotea bure, basi wanaziba.

Hapo ndipo hatari inaanzia. Katika sufuria, maji ya Lubumbashi yanachemka kwa karibu digri 96, juu ya urefu wa mji. Lakini ndani ya tangi iliyofungwa, termostati ikiharibika, yanapita digri 100 bila kuchemka. Tangi ikipasuka, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke mara moja, na mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko maji. Ukuta unaweza kuanguka, watu wakaungua ao wakafa.

Mambo ya kufanya nyumbani:

– Mara moja kwa mwezi, fungua vali kidogo kwa mkono wake. Maji yakitoka, iko muzima. Yasipotoka, inapashwa kubadilishwa. Chunga mkono, maji yanaweza kuwa ya moto. Kama inadondosha hata boila ikiwa imezimwa na imepoa, ita fundi.

– Weka termostati kwenye digri 60. Chini sana, mikrobi zinazaana. Juu sana, watoto wanaungua.

– Maji ya REGIDESO yakikatika, zima boila. Yakirudi, fungua robine ya maji ya moto kwanza. Yakitoka vizuri bila hewa, ndipo uwashe. Rezistansi ikiwaka bila maji, inaungua.

– Umeme wa SNEL ukikatika, zima pia. Ukirudi kwa nguvu sana unaweza kuharibu termostati.

– Karibu kila miaka miwili, fundi aisafishe chokaa ndani na aangalie fimbo ya magnesi. Fimbo hiyo inaliwa na kutu pahali pa tangi. Ikiisha, tangi yenyewe inatoboka. Mbele ya kufungua, akate umeme kabisa na aache maji yapoe.

Kama matone yanasumbua, weka ndoo chini ao tiyo ndogo iliyo wazi inayopeleka maji inje. Kizibo, hapana.