Tatizo la Fremu katika Mantiki ya Tendo na Badiliko, 1969–1991

Ingetarajiwa kwamba ugumu wa kuiwezesha mashine kufikiri kuhusu matendo uwe katika kueleza yanayobadilika. Historia ya akili mnemba inaonesha kinyume chake: kwa zaidi ya miaka 20, kilichowasumbua watafiti ni kueleza yasiyobadilika.

Mwaka 1969 John McCarthy na Patrick Hayes walichapisha makala iliyofafanua kalkulasi ya hali, mfumo ambamo kila tendo huigeuza hali moja ya ulimwengu kuwa nyingine. Katika mfano wao wa mtu anayetaka kumpigia mwenzake simu, walilazimika kuongeza kanuni kwamba mwenye simu huendelea kuwa nayo baada ya kutafuta namba kitabuni. Kwa binadamu jambo hilo halihitaji kusemwa. Kwa mashine, lisiposemwa halithibitiki. Ugumu huo waliuita tatizo la fremu. Mfumo wenye matendo 100 na sifa 100 huhitaji takribani kanuni 20,000 za aina hiyo, kwa kuwa kila tendo hudai kanuni mbili kwa kila sifa: moja sifa inapokuwepo, nyingine isipokuwepo.

Mwaka 1980 McCarthy na Raymond Reiter, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza mantiki inayoruhusu hitimisho kutenguliwa taarifa mpya zinapopatikana. Ilitumainiwa kwamba kanuni moja ingetosha: kila kitu hubaki kilivyo, isipokuwa pale panapokuwa na sababu ya kudhani vinginevyo. Mwaka 1986 Steve Hanks na Drew McDermott wa Chuo Kikuu cha Yale walilitikisa tumaini hilo kwa mfano mfupi. Bunduki inajazwa risasi, muda unapita, kisha mtu anapigwa risasi. Hitimisho linalotarajiwa ni kwamba mtu huyo atakufa. Hata hivyo, mantiki iliruhusu pia kwamba risasi zilitoweka wakati wa kusubiri na mtu akabaki hai, kwani masimulizi yote mawili yana idadi sawa ya mabadiliko. Mwaka uliofuata McDermott, aliyekuwa miongoni mwa watetezi wa njia ya mantiki, alichapisha makala ya kuikosoa.

Mwaka 1991 Reiter aliunganisha mawazo ya Edwin Pednault, Andrew Haas na Lenhart Schubert, akarejea kwenye mantiki ya kawaida. Kila sifa ilipewa kanuni moja: sifa huwepo baada ya tendo ikiwa tendo hilo limeisababisha, au ikiwa ilikuwepo tayari na tendo halikuiondoa. Kanuni 20,000 zikawa 100, mbali na zile za masharti ya matendo.

Hata hivyo, ufupi huo una gharama yake. Kanuni ya Reiter ni sahihi endapo tu mwandishi wake ameorodhesha visababishi vyote vya badiliko. Hivyo basi, mzigo uliopungua katika idadi ya kanuni umehamia katika dhana ya ukamilifu wa maarifa, dhana ambayo mantiki yenyewe haiwezi kuithibitisha.